Fundo la Fundi Mbaruku

"Gari linagonga hapa mbele, fundi, ko-ko-ko, kila nikiingia shimoni," alisema Mwalimu Salome. Nyuma yake, ndani ya gari, watoto tisa wa chekechea walikuwa wamebanana wakiimba.

Mbaruku aliwateremsha wote, akapiga jeki, akavua tairi, akachungulia.

Bolijointi, kile kiungo kinachozuia gurudumu lisichomoke, ilikuwa imelegea kabisa, imefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu. Fundo lilikuwa la mizunguko mitatu, ncha imechomekwa ndani. Mjini hapo hakuna mwingine aliyefunga hivyo. Masika yaliyopita alimfungia hivyo dereva mmoja gari lake, akamwambia, "Hii ikufikishe nyumbani tu, kesho urudi." Dereva hakurudi.

"Gari hili umelinunua lini, Mwalimu?"

"Miezi minne iliyopita. Aliyeniuzia aliniapia kwamba limepita mikononi mwa fundi hodari."

Mbaruku akaligusa lile fundo kwa ncha ya kidole. Mpira ukakatika kama uzi uliooza, na kiungo kikachomoka, kikaning'inia.

"Limepona?" aliuliza mtoto mmoja, mkono wake tayari uko mlangoni.