Tundu kwenye Michongoma

Kitu cha kwanza alichokiona mwalimu ni tundu. Lilikuwa kwenye ua wa michongoma, dogo kiasi cha jicho, na vijitawi vilivyolizunguka vilifungwa kwa uzi ili visilizibe.

Siku hiyo darasa la kwanza lilikuwa limekaa karibu na tangi la maji. Kesho yake akawahamishia kwenye kivuli cha jiko la shule. Asubuhi iliyofuata, kwenye ua wa upande wa jikoni nako kulikuwa na tundu.

Mlinzi aliinama kutazama udongo wa upande wa pili. Kulikuwa na mikwaruzo ya kijiti, imefutwafutwa kwa mguu.

"Huyu hataki mabati yetu, mwalimu," alisema. "Huyu anachagua mtoto."

Mwalimu ndiye aliyepigania masomo ya nje. Ndani watoto walibanana na kusinzia. Nje walihesabu kokoto, wakachora herufi mchangani, wakaimba silabi mpaka wapita njia wakageuka. Mtoto mmoja ambaye hakuwahi kufungua mdomo darasani sasa aliwashinda wote kwa kelele, na wenzake wakamwita Kipaza. Mwalimu mkuu alikubali shingo upande. Likitokea lolote, alisema, wote watarudi ndani.

Likatokea, tena kwa Kipaza. Alisema kuna dada alimfuata akitoka shule. Hakumpa pipi wala hakumshika mkono. Alitaka tu kuona kilichomo kwenye begi lake.

"Akakwambia nini?" mwalimu aliuliza.

"Nisikwambie wewe."

Mwalimu mkuu alipopata habari hakubishana. Kesho, Ijumaa, ndiyo mwisho wa masomo ya nje.

Jioni mwalimu alimsimulia msichana wake wa kazi, maana hakuwa na mwingine wa kumsimulia. Msichana mwenyewe alikuwa mtu wa "ndiyo, dada" na "sawa, dada", basi. Siku hizi hata sokoni alichelewa, akarudi na mboga zimeshanyauka. Mwalimu alimwonya afunge mlango vizuri, kuna mtu mbaya anazungukazunguka, na ndiyo maana Jumatatu watoto wanarudishwa ndani.

Kikombe kilimponyoka msichana. Akaokota vipande.

Ijumaa mwalimu alimwachia Kipaza kazi ya kuwaimbisha wenzake, yeye na mlinzi wakatoka kwa lango la nyuma. Mlinzi alikuwa na rungu. Waliufuata ua taratibu, wakikwepa majani makavu, huku sauti za watoto zikija juu ya michongoma, zikianza upya kila mara.

Mtu alikuwa amechuchumaa pale, ameegesha jicho kwenye tundu. Kanga ilimfunika kichwa. Mkononi alishika kijiti, na midomo yake ilikuwa ikicheza.

Mlinzi aliinua rungu. Mwalimu akamshika mkono.

Alikuwa amekiona kikapu cha mboga, kikapu chake mwenyewe, kimewekwa juani. Kando yake, mchangani, kwa maandishi yaliyopindapinda: nya, nye, nyi, nyo.

Msichana hakukimbia. Alisimama, akatazama chini.

"Usiwarudishe ndani, dada," alisema. "Wakiwa ndani mimi sisikii."