Jua la Mfano

Mvua ilishuka ghafla, ikaukuta mpunga wote wa Bi Nuswe umeanikwa uani. Mkwewe Tunu alitoka mbio kumsaidia kuuzoa, lakini turubai lilikuwa limeshajaa maji. Asubuhi ni yeye Tunu aliyemwambia, "Anika tu, mama. Programu niliyoiandika kwenye kompyuta imeuliza mtandaoni, leo jua kutwa."

Aliporudi ndani, kompyuta bado ilionyesha jua. Akasoma tena maagizo aliyoiandikia programu, haya zikamshika. Kumbe haikuwahi kuuliza popote. Alikuwa amenakili jibu la mfano kutoka kwenye somo la kuandika programu, nayo ikawa inalirudia hilo hilo kila siku.

"Mwanangu," Bi Nuswe aliita kutoka mlangoni, akikamua khanga yake, "hebu iulize, kesho je?"

Tunu akalifunika lile jua kwa kiganja.