Pipa Karibu na Jiko

"Hivi huyo Bwana Futi anapima nini kisichopimika?" jirani alimuuliza mjane siku moja wakianika nguo. "Mwaka wa pili huu, shoga. Ghala lenyewe hata kuku hawezi kupotelea humo."

Mjane alicheka kidogo, akabana kibanio cha mwisho.

Leo alilikumbuka swali hilo akiwa amepiga magoti ghalani, chaki mkononi. Sakafuni alikuwa amechora mtambo mzima kwa ukubwa wake halisi, toka mlango wa mbele hadi wa nyuma: pa kumwagia alizeti, chekeche, jiko la kupashia mbegu moto, mashine ya kukamua, chujio, mapipa ya mafuta. Mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yangetokea mlango wa nyuma. Kila kitu kilikaa mahali pake.

Kisha akalowesha kitambaa, akafuta pipa moja, akalichora upya ubavuni mwa jiko.

Ndivyo alivyofanya kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Mpimaji wa ofisi ya viwanda vidogo, huyo Bwana Futi, angekuja, angeona kosa, angeeleza, angekunywa chai, angeahidi kurudi. Mwezi mmoja alikuta chujio limetangulia mashine. "Tutachuja nini, mama? Upepo?" Mjane alicheka hadi akashika ukuta.

Bila kosa, mzee yule angerudi kufanya nini? Watoto walikuwa na miji yao mbali. Tangu amzike mumewe, nyumba ilikuwa na vikombe sita na mnywaji mmoja. Katika kila sala alimwomba Mungu msamaha kwa uongo ule wa chaki, na kila mwezi akauchora tena.

Lakini juzi wanawake wenzake wa kikundi cha kukamua alizeti walimngoja nje baada ya ibada.

"Magunia arobaini, mama, na panya wameanza kula kabla yetu," alisema katibu wao. "Mwezi huu mashine isipopatikana, tunauza mbegu na kikundi tunakivunja. Hiyo ofisi inangoja nini?"

Aliwaambia ofisi ina mambo mengi.

Sasa alilitazama pipa lililogusana na jiko. Akachukua kitambaa, akalifuta, akalirudisha mahali pake.

"Ee Mola, nizoeshe upweke," alisema, akainuka kwa kushikilia gunia.

Hodi ilipigwa. Mzee aliingia, viatu vimejaa vumbi. Siku zote alikuja kwa miguu, ingawa wenzake wa ofisini walionekana barabarani na pikipiki. Alisalimia, akatoa futi yake, akainama.

Alipima toka mlango hadi mlango. Alilipita jiko la chaki, akarudi, akalipita tena.

"Pipa," alisema.

"Limefanyaje?"

"Haliko karibu na jiko."

"Si ulisema litatuunguza wote?"

"Nilisema." Alikuna kidevu. "Labda hili chujio. Liko mbali mno na mashine."

"Hatua mbili, mzee. Wewe ndiye uliyesema mbili."

Mzee aliketi juu ya gunia. Mjane alimmiminia chai, akaweka kikombe juu ya kigoda. Hakikuguswa.

"Nimekukosea," alisema mjane. "Yale makosa nilikuwa nayachora makusudi. Mpango huu naujua tangu mwezi ule wa kwanza uliponifundisha. Nilitaka tu uwe unarudi."

"Nilijua, mama. Mtu anayekadiria chumvi kwa jicho haweki chujio mbele ya mashine mara tatu."

"Ukajinyamazia?"

"Kwangu hata redio imeharibika."

Nje jirani alikuwa akifukuza kuku.

"Basi andika kwamba mpango uko sawa," alisema mjane. "Uupeleke ofisini leo hii, walete mashine. Wenzangu wananitegemea."

Mzee alikunja futi yake taratibu, pindo kwa pindo. Akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, akaiweka karibu na kikombe. Kisha akasimama.

Mjane alisoma polepole, kidole kikifuata mstari kama alivyofundishwa shule ya msingi. Karatasi ya kwanza ilikuwa ombi la kikundi, lilelile aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe, halina muhuri wala alama yoyote ya kupokelewa ofisini. Ya pili ilikuwa barua aliyoandikiwa mzee: ofisi ilimshukuru kwa utumishi wake wa miaka mingi, ikamtakia mapumziko mema ya uzeeni. Tarehe yake ilikuwa wiki moja kabla ya ile siku mzee aliyobisha hodi hapa kwa mara ya kwanza.

Alipoinua kichwa, mzee alikuwa ameshaikanyaga mashine, akalikanyaga chujio, akayapita mapipa, akatokea mlango wa mashudu.