Insulini ya Mama

Siku zote tisa za Matembezi ya Hali ya Hewa, umeme wa nyumba huwaka mtu wake mwenye bangili akitembea, na hukatika akikaa. Kwetu natembea mimi, kwa sababu insulini ya mama iko kwenye friji.

Siku ya nne, kabla hatujafika Bahi, mguu ulivimba nikakaa chini ya uzio.

"Inuka, binti, kwenu kutaingia giza," alinitania Mzee Lameki wa msafara wetu.

"Saa tano asubuhi, babu? Giza gani?"

Akacheka, akapita.

Saa saba nilimpigia wifi yangu Yunisi. Nikamwambia aitoe dawa kwenye friji, aizungushie kitambaa chenye maji, aiweke ndani ya mtungi.

"Ya nini? Friji inanguruma vizuri tu."

"Wifi, nimekaa saa mbili nzima."



"Basi ni mama. Katoka alfajiri na bangili ya akiba, anatembea. Kasema miguu yako anaijua, siku ya nne haiimalizi."

Nilitazama barabara tuliyotoka. Ilinyooka, nyeupe kwa jua, haina mtu.

Sindano ya mama ya saa sita ilikuwa bado kwenye friji, baridi kabisa.