Skrubu ya Mama Mkwe

Daktari wa meno aliigeuza kwenye koleo ile skrubu iliyoshikilia jino la bandia, akaigeuza tena. Miaka minne tu ndani ya taya la mama mkwe wake, na tayari imeliwa vishimo vishimo kama ubao ulioliwa na mchwa.

"Madini ya titani hayashiki kutu," alinong'ona.

"Si uliniambia nitazikwa nayo?" mama mkwe aliuliza.

"Mama, umekuwa ukila nini?"

"Vyakula laini tu, mwanangu. Masharti yako sijavunja hata moja, miaka yote minne." Akatoa mkobani chupa ya dawa ya kusukutua, ile kali yenye asidi na floridi, inayoweza kula hata titani.

Kwenye chupa daktari aliuona mwandiko wake mwenyewe: kutwa mara tatu. Kwa siku ngapi, hakuandika.

"Au dozi ilikuwa ndogo, nizidishe?"