Kata Ndani ya Kioo

Siku kamati ya urithi ilipozindua chemchemi, Mbodze alifika na mtungi mtupu akakuta kata imefungiwa ndani ya sanduku la kioo. Kata ile ya kibuyu ndiyo pekee inayoruhusiwa kugusa maji yale, kwa sababu ndoo hutibua tope, na mji mzima hushinda ukinywa udongo.

"Sasa tuchote na nini, Mwenyekiti?"

"Mama, hiyo sasa ni urithi," alijibu Mwenyekiti Kishoka, akijifuta jasho kwa ncha ya tai. "Haiguswi."

"Hata na wenye kiu?"

"Hasa hao."

Mbodze alimtazama kuanzia kiatu hadi upara, kama anayekagua mbuzi mgonjwa mnadani. Nyumbani mama mkwe wake alikuwa anawaka homa, na huku mwanamume mzima ametia kibuyu kufuli.

"Na ufunguo?"

"Uko makao makuu. Utarudi na mgeni rasmi, mwakani."

Wanakamati wakampigia makofi, kama vile amesema la maana.

Mbodze akatua mtungi, akavua ndala kama desturi ya pale inavyotaka, akaokota jiwe. Akalifuta vumbi kwanza kwa upindo wa kanga, taratibu, maana pale ni mahali pa heshima.