Nyuma ya Chungu cha Maua

Kwenye kompyuta ya studio, Bi Mwanaidi alitazama chungu cha maua kikiteremshwa juu ya mke mwenzake, katika picha ya familia, hadi kikamfunika gubigubi.

"Nihifadhi vipi, mama?" akauliza Kombo, fundi wa picha. "Nikiifanya JPEG, vyote vinagandana, huyu anafutika kabisa. Nikiiacha PSD, chungu kinakaa juu, naye yupo chini yake, mzima."

"Mzima?" Bi Mwanaidi akacheka mpaka ushungi ukamtoka. "Basi hiyo hiyo, mwanangu. Ukimfuta atapumzika. Mimi kanifunika miaka kumi na mbili nikiwa hai. Na yeye aonje."

Kombo akabonyeza. Begani kwa mume, katikati ya majani, vidole vitatu vilikuwa bado vimeshika kanzu.